Njia ya Sabaki: tumefika wapi

Januari

Naanza kuandika haya manake watu wananisimamisha sokoni, msikitini, hata kwenye matatu, ile njia yenu ya mtoni imefika wapi, na mi siwezi kuhadithia kila mtu toka mwanzo. Kwa asiyejua: tunatengeneza njia kando ya mto Sabaki, hapa pwani ya Kenya, ya kutembea, kukimbia, baiskeli na kuangalia ndege, inaanzia pale daraja la barabara ya Malindi kwenda Garsen, inateremka na mto kwa upande wa Magarini mpaka mto unapoingia baharini, na Mungu akijaalia siku moja ipandishe pwani kwa kupitia matuta ya mchanga ifike Mambrui. Hiyo ya Mambrui bado ni maneno tu, tuiache hapo kwanza.

Kutengeneza ni neno kubwa, njia yenyewe ipo siku nyingi. Kina mama wa kuchota maji wanaipita, wavuvi wa kamba wanaipita na nyavu begani, watoto wa shule, wachungaji, na usiku wanapita viboko. Tulipoizunguka na simu inayochora mstari kwenye ramani tukaona si njia moja, ni vinjia vingi vinaachana vinakutana, hiki cha kiangazi, hiki cha masika, hiki cha kukwepa shamba la fulani. Kijana wetu mmoja amesomea ujenzi, naye alikuja na mchoro wake umenyooka safi, upana mita tatu, karibu kabisa na maji, taa za sola, mabenchi, kila kitu. Kwenye karatasi inapendeza, siwezi kusema uongo. Basi tukamwambia twende mtoni ukauonyeshe mto huo mchoro.

Manake Sabaki bwana ni mgeni hapa kwetu, anakuja na tabia zake kutoka mbali. Maji yanaanza pande za Ngong na Nairobi huko, yanaitwa Athi, yanapita Ukambani, yakichanganyika na mto Tsavo yanaitwa Galana, yanakatisha mbuga ya Tsavo Mashariki, na huku chini ndio tunayaita Sabaki. Safari ya kilomita 390 hivi, ni mto wa pili kwa urefu Kenya nzima baada ya Tana. Kwahivyo inawezekana hapa Malindi jua linawaka, mbingu haina hata wingu, na mto unapanda, manake mvua imenyesha Machakos. Wazee wanajua, wakiona maji yamebadilika rangi na vijiti vikavu vinaelea wanatoa pampu zao za kumwagilia bila kuuliza mtu. Huwezi kuupangia mto kama huo benchi karibu na maji.

Halafu kuna sheria. Kando ya mto kuna kipande ambacho hakiguswi kiholela, kinapimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa, kisipungue mita sita na mwisho wake mita thelathini kulingana na upana wa mto. Sabaki ni mpana, kwahivyo hesabu yetu ni thelathini. Kutembea humo ruhusa, kujenga hapana. Mchoro wa kwanza ulianguka hapo hapo, taa na mabenchi na zote.

Februari

Mwezi wote umekwenda kwenye mabaraza. Mwenye kudhani kutengeneza njia ni kazi ya jembe aje akae chini ya mwembe pale kijijini saa nne za mchana asikilize.

Swali kubwa halikuwa pesa, lilikuwa ardhi. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa upole kabisa, nyinyi wanangu hii njia mkishamaliza kuipamba ni nani atakuja kukaa kando yake? Watu kimya. Na swali lake halali, manake historia ya hapa inajulikana, ule ukanda wa maili kumi wa pwani ilipotoka ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 mtu ambaye hakwenda kudai kwa karatasi ardhi yake ilihesabiwa ya serikali, na wengi hata habari hawakupata. Wajukuu zao mpaka leo wanaitwa maskwota kwenye mashamba waliyozaliwa. Kwahivyo mtu akija na ramani na tepu ya kupimia watu wanaiangalia ile tepu, hawamwangalii yeye.

Tulichokubaliana ni hiki: hakuna anayeuza, hakuna anayekodisha, hakuna kigingi cha zege. Kila mwenye shamba anaweka sahihi au kidole kwenye karatasi ya ruhusa ya kupita, imeandikwa Kiswahili, imetajwa mipaka yake kwa miti na mawe anayoyajua mwenyewe, na ruhusa anaweza kuiondoa. Rafiki yangu wakili aliniambia karatasi ya ruhusa inayoondoleka ni dhaifu, mfadhili hataipenda. Mi nikamwambia ndio maana wameisaini. Chifu ana nakala, mwenye shamba ana nakala, sisi tuna nakala.

Kina mama nao walikuja na yao. Hawakuuliza baiskeli wala watalii, waliuliza mamba. Maji ya bomba ya Baricho yanatolewa huu huu mto, kule juu, yanaenda Malindi, Kilifi mpaka Mombasa, na hapa mwanamke bado anateremka na mtungi wa lita ishirini kwenye ukingo unaoteleza. Walisema kama mnakuja na mbao na misumari, anzeni na pale tunapochotea. Tukaandika. Tena tukaipandisha iwe kazi ya kwanza, kabla ya kibao chochote, na mtu wa ujenzi ndiye aliyesema hivyo, nampa haki yake.

Kuna pia makaburi pale karibu na mikwaju, njia inayazunguka kwa mbali. Hilo halikuhitaji baraza.

Machi

Ramadhani, kazi ni asubuhi tu, tunaanza baada ya alfajiri kukipambazuka vizuri na saa nne kila mtu kwake. Inaenda polepole lakini jua la kaskazi ukiwa umefunga si la kuchezea.

Pale pa kuchotea maji pamekwisha. Ni ua wa boriti zilizokitwa ndani ya maji, zimekaribiana mamba asipite, zimeingia chini sana ili mto ukiteremka kiangazi asipenye kwa chini, na ngazi za mawe ya matumbawe kushuka. Si kitu kizuri cha kupiga picha. Nimeona bibi mmoja ameshuka, akasimama ndani kidogo, akatikisa boriti moja baada ya nyingine kwa mkono, zote, halafu ndio akazamisha mtungi.

Sasa njia yenyewe. Afisa wa KWS, shirika la wanyamapori, alikuja tukatembea naye siku nzima na alitufundisha kitu ambacho sitasahau, njia ya kiboko ukishaionyeshwa mara moja basi utaiona kila mahali. Si kijia kimoja. Ni mifereji miwili midogo inakwenda sambamba na katikati pamebaki tuta la nyasi, manake kiboko ni mpana, miguu ya kushoto inakwenda kwake na ya kulia kwake na tumbo linapita juu ya hilo tuta. Na kwenye vichaka pembeni mavi yamerushwa huku na huku kwa mkia, mpaka juu kwenye majani. Anatoka majini usiku kwenda kula nyasi, anarudi kabla hakujapambazuka, na anarudi kwa njia ile ile. Hatari yake kubwa ni wewe kuwa katikati yake na maji. Hapo hakuna cha kusema umpigie makofi.

Kwahivyo kila mahali njia yetu inapokatana na njia ya kiboko tumefyeka vichaka pande zote mbili mtu aone mbele, hatukuweka tuta, hatukuweka mti, hatukuziba chochote, ile mifereji yao miwili inapita kama ilivyokuwa. Na njia inafungwa saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi. Wale wa kukimbia alfajiri wamelalamika sana. Nawaelewa, kuna joto, lakini wakimbie barabarani.

Kipande cha miembe tumekikata kwa mkono, upana mita mbili badala ya tatu. Hapa ndipo nilimwona fundi wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, akifanya kazi na mpira wa pimamaji. Ni mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, umejazwa maji, mtu huku ameshika ncha moja kwenye kijiti, mwingine kule ameshika ya pili, maji yatasimama usawa mmoja pande zote hata kama kuna kichuguu katikati. Kwanza anaupigapiga mpira kwa kidole kutoa mapovu, anaweka jicho, anasema bado kuna moja, anapiga tena. Povu moja likibaki kipimo kinadanganya. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, njia ilale kidogo upande wa mto, sentimita kumi kwa hizo mita mbili, mvua ikinyesha maji yavuke njia kwa upana yamwagike nje. Yakianza kutembea na njia kwa urefu yanapata nguvu yanachimba, msimu mmoja una mtaro badala ya njia. Kijana wa ujenzi alikuwa na mashine yake kwenye begi. Hakuitoa.

Kile kipande chake kilichonyooka cha karibu na maji, tumemwachia kifupi akitengeneze atakavyo, changarawe na kila kitu, iwe cha majaribio. Masika yatasema.

Aprili kwenda Mei

Masika yamesema.

Mto ulipanda usiku, kama kawaida yake. Si gharika ile ya Elnino ya 1997 wala ya Novemba 2023, watu hawakuhamishwa safari hii alhamdulillahi, mahindi ya chini yameenda lakini nyumba zimebaki. Kile kipande cha majaribio hakipo. Sisemi kimeharibika, nasema hakipo, hata ukingo wenyewe uliokuwa chini yake haupo, mto umekula ukaenda nao. Changarawe tuliikuta chini zaidi imelala juu ya bamia za mtu, na tumelazimika kwenda kuichota na karai.

Kipande cha miembe kimefunikwa na tope laini la kahawia, limeenea sawasawa mpaka kwenye mashina. Chini yake njia iko vile vile. Kukawa na mabishano kidogo, tukwangue au tuache. Mi nilikuwa upande wa kuacha. Tope la Sabaki ni udongo wa mashamba ya bara, likikauka linashika vizuri, shida yake ni likilowa tu linateleza kama samli. Tukakubaliana tuchanganye na mchanga wa mtoni, tulishindilie kwa magogo, na sasa hivi ndio sehemu bora kuliko zote kwa baiskeli, imara na laini, na haikugharimu chochote zaidi ya jasho.

Hilo tope ndilo hilo hilo linalofanya bahari ya Malindi igeuke rangi ya chai wakati wa mvua, wageni wa mahotelini wanauliza maswali. Na ndilo lililoongeza ufuo wetu pale mjini, wazee wanakuonyesha maji yalipokuwa yakifika zamani na ni mbali na yalipo leo. Kule kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa 1968, matumbawe hayalipendi kabisa. Tatizo liko juu mtoni, njia yetu haiwezi kulitibu, lakini angalau isiongeze. Ndio maana nang'ang'ania mita thelathini na nyasi za ukingo ziachwe, na ndio maana tumewatengea wachungaji miteremko miwili ya mawe ya kunyweshea ng'ombe badala ya kila mmoja kuvunja ukingo anapotaka. Wamekubali wa mteremko wa juu. Wa chini wanasema uko mbali na malisho, na ukiangalia ni kweli uko mbali, tutausogeza.

Juni

Baridi ya kusi imeingia, kazi inakwenda.

Tulikwenda Mida Creek kuangalia ile njia ya mbao inayopita juu katikati ya mikoko kule Dabaso, kwasababu karibu na mdomo wa mto kuna kipande cha matope yanayofunikwa na maji ya bamvua, bahari ikijaa kabisa, na hakuna namna ya kupita kwa mguu bila kuzama mpaka magotini. Wenzetu wale walitupokea vizuri, wakatuonyesha mazuri na mabovu. Mabovu ndio yalitusaidia. Mbao zinazogusana na maji ya chumvi zinatobolewa na funza wa baharini, unaona nguzo nzima kwa nje, ukiigonga inalia tupu. Msumari wa kawaida unakufa haraka kuliko mbao, unatakiwa bolti zilizochovywa zinki, na kamba nzuri wakati mwingine inashinda zote manake inalegea na kukazwa.

Ukitaka kujenga na mikoko yenyewe ni habari nyingine. Mikoko ya Kenya yote ni msitu wa serikali tangu 1932, hukati hata fimbo bila kibali cha KFS, shirika la misitu. Tuliomba boriti kwa muuzaji wa Lamu mwenye karatasi zake. Mwenye kuijua biashara hii anajua huagizi tu "miti", kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kuna boriti, kuna nguzo, kila moja na unene wake na bei yake. Kijana wa ujenzi alikuwa ameandika kwenye daftari lake unene kwa milimita, mzee wa kuuza akasoma, akacheka, akasema hapa unataka mazio na hapa boriti, funga daftari.

Mwishoni tumeamua daraja la mbao liwe fupi kuliko tulivyopanga, lipite nyuma ya mikoko na lisiingie katikati. Mche mdogo wa mchu, aina ya mkoko, ukiukanyaga haurudi, na pale ndipo inapoota mipya, tope jipya linaletwa kila mwaka na mikoko inalifuata. Tukijenga katikati leo, baada ya miaka kumi tutakuwa tumejenga katikati ya msitu tulioukanyaga wenyewe.

Ripoti ya mazingira tumewasilisha NEMA, mamlaka ya mazingira. Hapo sina zaidi, tunasubiri.

Julai

Bodaboda. Nilijua tutafika hapa.

Njia ikishakuwa nzuri pikipiki itapita, hiyo haina mjadala. Wiki ile ile tulipomaliza kushindilia kipande cha miembe nikakuta alama za tairi, na mtoto mmoja karibu agongwe pale kwenye kona. Basi tukaweka vizuizi, boriti mbili zimepishana zigizaga, baiskeli unaishika mkononi unapita, pikipiki haipiti. Tulifurahi siku kama mbili hivi. Kwanza akaja mama na mkokoteni wa maji, hapiti. Halafu kijana wa hapa anayetumia kiti cha magurudumu, yeye ndiye alikuwa na hamu na njia hii kuliko mtu yeyote, hapiti. Tukapanua nafasi, kiti kikapita, na pikipiki ikapita nyuma yake.

Nimezunguka na hili swali mpaka nimekubali kwamba hakuna nafasi inayopitisha kiti cha magurudumu na kuzuia pikipiki. Watu wanaoniambia ipo waje waijenge. Kilichotusaidia ni kina mama tena, kwenye baraza mmoja akasema nyinyi mnawapiga vita hawa vijana wa boda lakini nikishikwa na uchungu usiku ni nani atanitoa huku, na maembe yangu yanafikaje barabarani? Kweli kreti za maembe na tikiti zote zinatoka kwa pikipiki. Kwahivyo sasa ni hivi: kutoka darajani mpaka kwenye mashamba ya mwisho pikipiki zinaruhusiwa, taratibu, na njia pale imepanuliwa kuwa mita tatu (mwenye mchoro wa kwanza alitabasamu tu hakusema kitu). Kuanzia mashamba ya mwisho kwenda baharini hakuna pikipiki, na wanaolinda ni watu wa boda wenyewe, wa steji ya darajani, wamewekeana faini yao wenyewe. Mgonjwa anapita saa yoyote popote.

Kuna wageni wawili watatu wamesema hii si njia ya burudani tena. Sawa. Waje saa kumi jioni wakae pale kivukoni waangalie nani anaburudika: wasichana wa shule wanafundishana baiskeli, baiskeli moja wanne, aliye juu anapiga kelele na walio chini wanapiga kelele zaidi.

Agosti

Mwezi wa ndege. Mdomo wa Sabaki unatambulika kimataifa kama eneo muhimu la ndege na ukifika maji yakiwa yametoka utaona kwanini, tope linang'aa na juu yake kila saizi ya mguu na mdomo. Yangeyange wapo mwaka mzima, mnandi wanaanika mbawa, heroe wanakuja na kuondoka wanavyotaka wao, vitwitwi wa Ulaya na Asia ndio wameanza kuingia watakaa mpaka Aprili. Na buabua, hao wanalala kwenye fungu la mchanga jioni, wengi mpaka mchanga unabadilika rangi.

Lakini ndege anayewaleta wale wenye darubini ni mdogo wa kahawia kutoka Madagaska, anazaliana kule halafu anavuka bahari kuja pwani yetu wakati wa kusi. Anaruka kama mbayuwayu akila wadudu hewani. Vijana wetu wa kuongoza wageni walikuwa wanamwona tangu utotoni bila kumjali, sasa wanamjua mpaka kivuli chake na mgeni anawalipa kwa ajili yake, mi hilo nalipenda sana.

Ugomvi ni watembee wapi. Mwenye kamera anataka karibu zaidi, kila siku karibu zaidi. Ukiliamsha kundi la buabua mara tatu jioni moja hawapumziki na kesho wanatafuta kwingine. Tumejenga kibanda cha makuti cha kujibanza pale njia ya mbao inapoishia, matundu ya kuchungulia ya mtu mzima na ya mtoto, na baada ya hapo hakuna kwenda. Upepo wa kusi uling'oa makuti ya upande mmoja, tumeshona upya kwa kamba za minazi, sasa yametulia. Wavuvi hawahusiki na katazo hili, wao wanapita walipopita siku zote na ndege wamewazoea.

Septemba

NEMA wamejibu, tumepata, na masharti yenyewe karibu yote tushayafanya.

Kilichobaki. Kalavati moja pale kijito kinapoingia mtoni, saa hii tunavuka kwa magunia ya mchanga na hayatafika vuli. Mteremko wa chini wa ng'ombe kusogezwa. Vibao, na hapa tumebishana sana, wengine wanataka ramani na maelezo marefu ya historia, kaburi la nguzo la Mambrui na bakuli zake za Kichina, twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, Vasco da Gama na nguzo yake, yote mazuri, lakini kibao cha kwanza mtu anachotakiwa kukiona ni picha ya kiboko na saa ya kufungwa. Historia iwekwe pale kivulini kwenye mikwaju watu wakipumzika wasome.

Mambrui imeanza kutajwa tena manake wakati wa Maulidi watu walikuja wengi kutoka kila upande na vijana kadhaa walitembea kwa miguu pwani kwa pwani kutoka mdomo wa mto mpaka mjini, wakaja kunipigia kelele kwamba inawezekana. Kutembea inawezekana, matuta yale yanahama na upepo, ukiweka kigingi kaskazi huikuti kusi. Mi maoni yangu pale pasijengwe chochote, tuweke alama mwanzo na alama mwisho na katikati kila mtu na miguu yake. Wenzangu wawili wanataka njia ya mbao juu ya mchanga. Baraza ni Alhamisi baada ya alasiri, pale pale chini ya mwembe, na mzee fundi ameombwa aje na mpira wake wa pimamaji ingawa sijui atapimia nini mchangani.

Mwenye mabomba ya zege ya zamani, ya kipenyo cha kupita mtu akiinama, tafadhali anitafute kabla ya vuli. Usafiri tutapanga sisi.